Rangi ikipotea kwenye maji, umejuaje kama imevunjika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, uhandisi wa mazingira, hapa Dar es Salaam. Projekti yangu ni kuvunja rangi kwenye maji kwa kutumia jua na titani dioksidi, unga mweupe unaofanya kazi ukipigwa na mwanga wa jua. Natumia methilini bluu, miligramu 10 kwa lita, mililita 200 kwenye bika, na unga huo wa titani gramu 0.1. Naweka juani, kila dakika 10 nachota kidogo, nachuja kwa karatasi ya chujio, halafu napima kwenye spektrofotomita kwa nanomita 664. Mwanzo nilipata 1.98, baada ya dakika 40 nikapata 0.06. Nikaandika kwamba asilimia 97 ya rangi imevunjika. Supavaiza wangu alipoisoma aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Umejuaje?" Hakusema zaidi. Karatasi za chujio ninazo bado, zina bluu. Nimekosea wapi? Na je, njia hiihii naweza kuitumia kwa maji ya kina mama wanaotengeneza batiki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Habari kubwa kuliko zote umeiweka karibu na mwisho, kwamba karatasi za chujio zina bluu, tena umeitaja kama mtu anayetaja kwamba jana kulikuwa na mawingu. Zitunze karatasi hizo, tutazirudia.

Tuanze na mashine. Spektrofotomita hupitisha mwanga wa urefu mmoja wa wimbi kwenye kiuveti, kile kichupa kidogo cha sampuli, kisha hupima ni kiasi gani kimefika upande wa pili. Ikifika asilimia 10 ya mwanga, inakuandikia ufyonzaji 1. Ikifika asilimia 1, inaandika 2. Ikifika sehemu moja ya elfu, inaandika 3. Mwanga ambao haukufika huenda umefyonzwa na rangi, huenda umetawanywa na vumbi la titani linaloelea, huenda umezuiwa na alama ya kidole chako kwenye kioo, na huenda umekutana na kiputo cha hewa. Vyote vinaingia kwenye namba ileile moja. Na rangi nayo ina njia zake za kutoweka mbele ya mashine ilhali molekuli yake ni nzima: kunata kwenye unga, kunata kwenye karatasi, kugeuka kwa muda kuwa umbo lisilo na rangi. Namba yako ya 0.06 inakubaliana na hadithi zote hizi. Supavaiza anataka kujua kwa nini umechagua moja tu, ya kuvunjika.

Kabla ya kwenda kwenye karatasi, kuna jambo dogo kuhusu ile 1.98 ya mwanzo. Kanuni unayoitegemea, kwamba ufyonzaji hupanda sambamba na ukolezi, ina historia ndefu: Bouguer aliigusa mwaka 1729, Lambert akaiandika kihesabu mwaka 1760, na Beer akaiunganisha na ukolezi mwaka 1852. Ni kanuni nzuri, lakini ina mipaka, nawe umeanza kazi ukiwa umesimama mpakani. Ufyonzaji wa 2 maana yake mashine inajaribu kupima asilimia moja tu ya mwanga iliyobaki. Ndani ya kila mashine kuna mwanga mzururaji, unaofika kwenye kihisi bila kupita njia iliyokusudiwa. Ukiwa sehemu moja ya elfu tu, ufyonzaji halisi wa 2 utasomeka 1.96, na wa 3 utasomeka 2.70. Mashine nyingi za vyuoni, zenye taa iliyochoka na vioo vyenye vumbi, zina zaidi ya hapo.

Methilini bluu inaongeza tatizo lake. Ukolezi ukipanda, molekuli zake huanza kushikana mbilimbili, na zikishikana hufyonza zaidi karibu na nanomita 610 kuliko 664. Kwa hiyo mstari wako wa ukolezi dhidi ya ufyonzaji hupinda wenyewe, hata mashine ikiwa mpya. Anza na miligramu 5 kwa lita, au zimua sampuli za mwanzo kwa kipimo unachokijua. Mstari huo uchore mwenyewe, kwa mashine yako na kiuveti chako: 0.5, 1, 2, 3, 4 na 5. Kisha weka 10 uone kama inaangukia kwenye mstari au chini yake. Soma pia lebo ya chupa ya rangi. Methilini bluu isiyo na maji ina uzito wa molekuli 319.85, yenye maji matatu ni 373.9. Ukipima miligramu 10 za ile ya pili ukidhani ni ya kwanza, umeshapoteza zaidi ya asilimia 14 ya rangi hata jua halijachomoza.

Sasa karatasi. Karatasi ya chujio ni selulosi, ndugu wa damu wa pamba. Ndani ya maji, selulosi hubeba chaji hasi kidogo. Methilini bluu ni ioni yenye chaji chanya. Umemimina rangi kwenye kitambaa, kitambaa kikafanya kazi ya kitambaa. Na kadiri rangi inavyopungua kwenye bika, sehemu inayoliwa na karatasi inakuwa kubwa zaidi, maana karatasi ina nafasi nyingi na rangi ni chache. Ndiyo maana namba zako za mwisho zinapendeza kuliko za mwanzo.

Hili unaweza kulithibitisha leo kwa robo saa. Chukua rangi ya miligramu 5 kwa lita, isiyo na unga, isiyoona jua. Pima. Mimina mililita 5 kwenye karatasi mpya, pima kilichopita. Tofauti utakayoipata haina uhusiano wowote na titani. Rudia kwa miligramu 1 kwa lita, na hapo ndipo utakapokaa chini.

Usijisikie vibaya. Mimi nikiwa kijana nilikaa wiki mbili nikishangilia majivu ya pumba za mpunga, nikiamini nimegundua dawa ya kusafisha maji ya viwandani. Aliyeniokoa alikuwa fundi wa maabara, mzee aliyekuwa akiosha bika zetu. Alishika karatasi yangu, akaielekeza dirishani, akaniuliza kama siku hizi kozi yetu inafundisha kupaka rangi karatasi. Nilicheka. Usiku sikulala.

Badala ya karatasi, tumia sentrifuji, mashine inayozungusha sampuli kwa kasi ili unga ushuke chini, kama ipo. Zungusha dakika 10, chota maji ya juu taratibu kwa pipeti, usitikise chini. Kama hakuna, tumia chujio dogo la bomba la sindano, lakini lipime kwanza kwa jaribio lilelile la rangi peke yake, kwa kuwa baadhi ya tando nazo ni za selulosi na zina tabia hiyohiyo. Hata utando mzuri, mwaga mililita moja au mbili za kwanza, ndipo ukinge. Na kiuveti chenyewe hunywa rangi: kioo nacho hubeba chaji hasi. Ukimaliza siku, jaza maji yaliyokenekwa, soma, ndipo ukisuuze kwa ethanoli. Kikikupa 0.03, basi nusu ya ile 0.06 yako ni uchafu wa kiuveti.

Unga nao unakunywa rangi kabla ya kuivunja. Ndiyo sababu watu wa fani hii hawaanzishi saa pale wanapotia unga. Wanakoroga gizani kwanza, bika likiwa limefunikwa kwa foili, nusu saa hadi saa nzima, mpaka vipimo viwili vinavyofuatana vilingane. Hapo ndipo dakika ya sifuri inapoanza, na ufyonzaji wa hapo ndio mwanzo wako. Ule wa kabla ya unga unauandika pembeni tu, uonyeshe ni kiasi gani kilinata. Andika pia pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Uso wa titani dioksidi hauna chaji upande wowote kwenye pH ya karibu 6. Ukipanda juu ya hapo unakuwa hasi na kuvuta methilini bluu kwa nguvu, ukishuka chini unaisukuma. Mwenzako mwenye maji ya bomba ya pH 8 na wewe mwenye maji yaliyokenekwa mtapata majibu tofauti kwa unga uleule, kisha mtabishana bure.

Mwisho wa jaribio usimwage unga. Ukusanye, utie kwenye ethanoli au asidi hafifu, tikisa, acha utulie. Maji ya juu yakigeuka bluu, rangi ilikuwa imejificha humo muda wote. Yakibaki meupe na unga wenyewe ni mweupe, hapo umeanza kuwa na ushahidi.

Naomba pia nikuulize: hiyo titani umeinunua wapi? Kama ni kwa wauza malighafi za rangi za ukuta, kuna jambo muuzaji hakukuambia, na pengine yeye mwenyewe halijui. Titani ya rangi za ukuta kwa kawaida ni aina ya rutile, mojawapo ya maumbo ya fuwele za titani dioksidi, na chembe zake zimefunikwa kwa tabaka jembamba la alumina au silika makusudi ili zisivunje chochote. Mwenye kiwanda cha rangi hataki ukuta wako uchanike kwa jua. Unachohitaji wewe ni anatase, umbo jingine la fuwele hizo, isiyofunikwa, au mchanganyiko wa anatase na rutile unaouzwa kwa ajili ya kazi hii. Ukitumia ile ya ukuta, ukaona rangi inapotea haraka, ndiyo kwanza uwe na wasiwasi.

Halafu jua. Methilini bluu hufifia juani hata bila unga, kama kanga iliyoachwa kwenye kamba. Kwa hiyo bika moja halitoshi. Weka manne, sambamba, mahali pamoja, kwa wakati mmoja. La kwanza rangi na unga juani. La pili rangi peke yake juani. La tatu rangi na unga, limefungwa foili kabisa, lakini nalo juani ili lipate joto lilelile. La nne rangi peke yake ndani ya foili. Nasisitiza wakati mmoja, kwa kuwa anatase inatumia mwanga wa chini ya nanomita 388 hivi, yaani urujuanimno, ambao ni asilimia chache tu ya jua linalotufikia. Wingu moja likipita saa tano na nusu, dakika zako 10 hazifanani tena na dakika 10 za jana. Bika la pili likienda sambamba na la kwanza, wingu linawapata wote.

Maji nayo yanakauka. Bika la wazi lenye mililita 200 likipoteza 20 kwa mvuke, ukolezi umepanda asilimia 11, na utadhani rangi inakataa kuvunjika. Pima uzito wa bika kabla ya kila kuchota, rudishia maji yaliyokenekwa mpaka uzito unaotakiwa, koroga, ndipo uchote. Sampuli ikishatoka iweke gizani hapohapo. Ikikaa mezani na unga ndani yake karibu na dirisha, jaribio linaendelea bila wewe.

Nimefika sehemu ninayoipenda. Umekuwa ukisoma nanomita 664 peke yake. Kuanzia leo piga skani nzima, yaani pima ufyonzaji kwa kila urefu wa wimbi, kutoka 800 kushuka hadi 400, na kama una kiuveti cha kwatzi shuka hadi 200. Weka mistari yote ya siku moja kwenye grafu moja, kuanzia dakika ya sifuri hadi ya mwisho, kisha tazama kilele, pale ufyonzaji ulipo mkubwa zaidi, kinafanya nini.

Kikishuka wima, kikibaki palepale 664 huku kikifupika, maana yake zile zilizobaki ni methilini bluu bado na zilizotoka zimetoka kabisa kwenye eneo hilo. Lakini mara nyingi utaona kilele kinashuka huku kinateleza kushoto: 660, 650, 640. Hapo molekuli inavuliwa vikundi vyake vya methili, vijitawi vya kaboni na haidrojeni, kimoja baada ya kingine. Methilini bluu ina vinne. Kikitoka kimoja unapata azuri B, ukiendelea unapita azuri A na azuri C, na vikitoka vyote unabaki na thionini, yenye kilele karibu na nanomita 600, rangi ya zambarau iliyokolea. Hizi zote ni rangi! Uti wa mgongo wa molekuli ni mzima kabisa, umevuliwa mapambo tu. Anayesoma 664 peke yake anaona namba inashuka kwa kasi, anashangilia, na maji yake bado yana rangi kwa mtu yeyote mwenye macho. Ukitaka namba moja ya kuripoti, tumia eneo lililo chini ya mstari kati ya 550 na 700, na useme wazi kwamba ndilo ulilotumia.

Chini ya 400 kuna mengine. Methilini bluu ina vilele viwili huko, karibu na 292 na 246, vinavyotokana na sehemu zake za pete. Kilele cha 664 kikiisha na cha 292 kikabaki, basi umezima taa na nyumba bado imesimama. Viuveti vya kioo na vya plastiki havipitishi mwanga huo vizuri, ndiyo maana nimesema kwatzi. Kama mnacho kimoja tu maabara nzima, kiombe kwa siku moja, nenda na sampuli zako zote.

Mwisho wa mstari upande wa kulia, kwenye 750 hadi 800, methilini bluu haifyonzi kitu. Pale mstari unatakiwa ulale kwenye sifuri. Ukiona umeinuka hadi 0.04, hayo ni mavumbi ya titani yaliyopita kwenye chujio yakitawanya mwanga. Wengine huitoa namba hiyo kwenye kila kipimo. Inasaidia, ila si dawa kamili, kwa sababu mtawanyiko huongezeka kadiri urefu wa wimbi unavyopungua, hivyo 0.04 ya kwenye 800 si 0.04 ya kwenye 664. Bora urudishe sampuli kwenye sentrifuji.

Bado kuna mtego mmoja, na huu umewanasa wengi kuliko karatasi. Methilini bluu ikipewa elektroni hugeuka kuwa umbo lisilo na rangi, liitwalo luko. Haijavunjika hata kidogo. Ikikutana na oksijeni inarudi bluu kama ilivyokuwa. Walimu wa sekondari huonyesha hili kwa chupa yenye glukosi na kostiki soda: ikitulia inakuwa nyeupe, ukiitikisa inakuwa bluu, wanafunzi wanapiga makofi. Sasa, siku hizi kuna projekti nyingi za chembe ndogo za fedha zilizotengenezwa kwa majani ya mlonge au mwarobaini, ambapo mwanafunzi hutia sodiamu borohaidraidi kwenye methilini bluu na rangi inapotea ndani ya dakika chache. Inaandikwa "imevunjwa asilimia 99". Nimesoma tasnifu za namna hiyo, na kwenye nyingi nimetamani niichukue ile chupa niitikise. Jaribio lako lina hewa na linakorogwa, hatari ni ndogo, lakini fanya hivi hata hivyo: chukua sampuli ya mwisho, ipulizie hewa kwa dakika 15 au itikise kwenye chupa iliyojaa nusu, pima tena. Ikibaki palepale, andika hivyo. Ni sentensi moja itakayokuokoa maswali matatu siku ya kujitetea.

Kasi ya mmenyuko sitaisema sana, maana vitabu vimejaa. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, umetoka gizani ukiwa na 1.76, na baada ya dakika 40 una 0.22, namba zote zikiwa safi. Gawanya, unapata 8. Logi asilia ya 8 ni 2.08, gawa kwa 40, kiwango ni 0.052 kwa dakika, na nusu ya rangi hutoweka kila dakika 13 hivi. Fanya hesabu hiyohiyo kwa bika la pili, la jua bila unga, kisha utoe. Kinachobaki ndicho cha unga. Usilazimishe mstari kupita kwenye pointi za mwisho kabisa. Pale chini ya 0.05 unapima zaidi kelele za mashine kuliko rangi, na logi huzikuza kelele hizo.

Turudi kwa kalamu nyekundu. Kiswahili kinatupa maneno matatu yanayofaa hapa, na nakushauri uyatenganishe kwenye ripoti yako. Rangi inaweza kufifia, inaweza kuvunjika, na inaweza kuteketea. Kufifia unakuona kwa spektrofotomita hata kwa urefu mmoja wa wimbi. Kuvunjika unakudai pale skani nzima, giza, jua bila unga, unga uliooshwa na chupa iliyotikiswa vyote vimekubaliana. Kuteketea, yaani kaboni yote kugeuka kaboni dioksidi, na salfa na naitrojeni kutoka kama chumvi, hakuonekani kwa mwanga hata ukipima usiku kucha. Unahitaji kipimo cha kaboni hai yote. Methilini bluu ina atomi 16 za kaboni, kwa hiyo miligramu 10 za ile isiyo na maji zina takriban miligramu 6 za kaboni. Ukipeleka sampuli ya mwisho ikarudi na miligramu 4, rangi imekwisha na thuluthi mbili za kaboni bado zinaogelea humo.

Kama hamna mashine hiyo, watu hutumia mahitaji ya oksijeni ya kikemikali, kile kipimo cha daikromati kinachoonyesha oksijeni kiasi gani inahitajika kuunguza uchafu ulio ndani ya maji. Kinafaa, ila jiandae: miligramu 10 za rangi yako zinadai karibu miligramu 20 tu za oksijeni, hivyo chupa za kipimo kikubwa hazitakuambia kitu. Chukua zile za kipimo kidogo. Na ikitokea siku moja ukatumia haidrojeni peroksaidi kuharakisha kazi, iondoe yote kabla ya kupima, maana daikromati huila nayo ikahesabika kama uchafu.

Sijaribu kukukatisha tamaa. Rangi kufifia peke yake kuna thamani, maana maji yenye rangi yanazuia mwanga mtoni. Lakini rangi nyingi za nguo ni za jamii ya azo, na zikikatika kwenye ile pingu ya naitrojeni mbili bila hewa ya kutosha, hutoa amini zenye pete, zisizo na rangi, na baadhi yake ni sumu kuliko rangi yenyewe. Maji yanakuwa meupe, mtu anafurahi, anayachota.

Sasa batiki. Hapana, njia hiihii haitafaa ilivyo, na sababu yake kina mama wenyewe wanaijua kwa mikono. Waulize kinatokea nini kitambaa kinapotoka kwenye beseni. Watakuambia kinatoka na rangi moja, kikipigwa na hewa kinageuka rangi yake ya kweli. Hiyo ndiyo ile luko niliyokueleza. Rangi za batiki mara nyingi ni zile zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, ambayo huzipa elektroni ili ziingie kwenye uzi, kisha hewa hurudisha rangi ndani ya uzi na haitoki tena. Kwa hiyo maji ya kwenye ndoo yako yanabadilika rangi yenyewe njiani, kwenye daladala, kabla hujafika maabara. Ukipima asubuhi na kupima jioni utapata tofauti kubwa bila kuwa umefanya lolote.

Na rangi hizo zikisharudi kwenye umbo lake la kweli haziyeyuki kwenye maji. Zinakuwa chembe zinazoelea. Kanuni ya Beer inahusu kitu kilichoyeyuka. Kwenye chembe, mashine inakusomea mchanganyiko wa kufyonza na kutawanya, na namba hubadilika hata chembe zikishuka chini tu. Utazipoteza kwa kuziacha zitulie usiku, kisha unga wako wa titani upewe sifa za mvutano wa dunia. Ongeza hapo pH ya juu sana ya kostiki, mabaki ya nta, na haidrosalfaiti iliyobaki, ambayo inakula oksijeni ileile ambayo titani inaihitaji ili ifanye kazi.

Ukiamua kuyashika maji hayo, yapulizie hewa kwanza mpaka rangi iache kubadilika, rekebisha pH, acha yatulie, sentrifuji, na uandike ni kiasi gani kimeondoka kwa hatua hizo peke yake. Pengine utakuta kutulia na kuchuja kwa mchanga kunatosha kuondoa sehemu kubwa, na titani ibaki na kazi ya mabaki yaliyoyeyuka. Hilo ni jibu zuri na la bei nafuu, ingawa halina jina kubwa. Kwa kuwa ndoo moja huwa na rangi tatu nne zilizochanganyika, usitafute kilele kimoja. Kiwango cha ISO 7887 kinapima rangi ya maji ya namna hii kwa nanomita tatu, 436, 525 na 620, baada ya kuchuja. Fuata hizo, na uweke skani nzima kwenye kiambatisho.

Nenda siku wanayofanya kazi, si siku wanayokupangia. Beba chupa ya kahawia yenye mfuniko mzuri, jaza hadi juu kabisa pasibaki hewa, andika saa uliyochota na saa kitambaa cha mwisho kilipotoka kwenye beseni. Vaa glavu, kostiki haitanii. Na zile karatasi zako za bluu zibandike kwenye ripoti, ukurasa wa majaribio ya awali, ukiandika chini yake ni mililita ngapi zilipita na kiasi gani cha rangi kilibaki humo.